Mstari Ulioukatia Mlangoni

Michoro yako nimeitazama, mjukuu wangu. Nimeitandaza mkekani tangu baada ya swala ya alasiri, nikaibana pembe kwa vikombe ili upepo usiichukue. Mkono wako ni mzuri. Mistari imenyooka, vipimo vimeandikwa kwa unadhifu, mshale wa kaskazini upo mahali pake. Sikukuita kwa kosa la mkono.

Nimekuita kwa ajili ya karatasi mbili. Ya kwanza ni ya mtaa: njia umeziacha nyeupe, nyumba zote umezijaza wino, kama magunia ya makaa yaliyopangwa gatini. Ya pili ni ya nyumba: vyumba umevichora vyote, hata zidaka za ukutani umezihesabu, lakini ukifika mlangoni mstari unakatika na nje yake hakuna kitu, karatasi tupu. Nilipokuuliza kwa nini, ukanijibu kwamba chuoni ndivyo mnavyogawiwa: wa mipango miji wana karatasi yao na mwalimu wao, wa usanifu wa ndani wana yao. Jibu hilo nimelisikia kwa vijana wengi waliokuja Lamu na tepu zao, na kila nikilisikia mifupa inachoka. Lakini wewe ni wangu, na ukiondoka hapa na karatasi mbili nitakuwa nimekudhulumu. Kaa kitako tuzungumze taratibu.

Nyumba ya Kiamu haianzii mlangoni. Inaanzia mtaroni, pale maji ya mvua yanapopita. Paa la zamani lilikuwa bapa, chokaa nzito juu ya boriti, na maji yake yalitupwa njiani kwa mlizamu uliotokeza ukutani. Mwashi hakuweza kuinua ukuta bila kujua maji yataanguka wapi na mlango wa jirani wa ng'ambo uko wapi. Kabla nyumba haijawa na chumba hata kimoja, imeshakuwa na mazungumzo na njia.

Kutoka mtaroni unapanda kidato kimoja au viwili, unaingia kwenye daka. Daka limekatwa ndani ya mwili wa nyumba, na kulia na kushoto mna baraza za mawe zinazotazamana. Hapo umefunikwa na dari ya mwenye nyumba, umekalia jiwe lake, ukuta wake unakuegemeza mgongo, na bado hujaingia kwake. Muuza kahawa akiweka dele lake chini hapo habishi hodi. Mpita njia aliyekutwa na mvua haombi ruhusa. Kisha ndipo unapokuja mlango wenyewe, mbao mbili na mfaa katikati, na kizingiti kilichoinuka kiasi cha kukulazimisha utazame miguu yako. Ukivuka uko tekani. Tekani ni mahali padogo pa kupokelea mtu, na njia yake imepindwa makusudi: mlango wa nje ukiachwa wazi kutwa nzima, aliye njiani ataona ukuta mweupe tu, hataona kiwanda wala aliyemo. Kiwanda ndio uwanja ulio wazi juu, unaoingiza mwanga na upepo. Kutoka hapo unapanda vyumbani, msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani, na kila ukisogea sakafu inapanda kidogo na mwanga unafifia kidogo.

Wewe umeviandika hivi vyote Chumba 1, Chumba 2, hadi Chumba 7, na tekani umeiandika korido. Yarudishe majina, mjukuu wangu. Jina la tekani linakwambia nani anaruhusiwa kusimama pale na akae kwa muda gani. Korido haikwambii neno.

Umeandika pia, na umeandika vizuri, kwamba vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haibebi sakafu nzito ya chokaa zaidi ya kama mita tatu bila kupinda. Ulipofika hapo ungegeuza uso utazame nje. Njia nyingi za Mkomani, mtaa wetu hapa Lamu, ni nyembamba kuliko vyumba hivyo. Punda wawili wenye shehena wakikutana, mmoja hungoja dakani. Ule wembamba si ufukara wa nafasi. Ukuta wa jirani ndio kivuli cha mlango wako. Jua halifiki chini ya njia ila karibu na saa sita, na ukuta wa mawe ya matumbawe, unene wake karibu nusu mita, unakuwa haujapata joto la kutosha kulipeleka chumbani usiku. Na kwa kuwa njia ni nyembamba na madirisha ya kuitazama ni machache, mwanga lazima ushuke kiwandani. Upana wa njia na uwazi wa kiwanda ni hesabu moja. Ukipanua njia, ukuta unachomwa. Ukuta ukichomwa, chumba kinawaka usiku kucha. Mwenye chumba atatoboa dirisha, dirisha litatazamana na la mwenzake, na pazia litafungwa mchana kutwa. Nimeyaona haya yakifuatana katika nyumba zaidi ya moja, na kila mara mtafiti aliyekuja kuuliza kwa nini chumba kina joto alipima chumba.

Sasa sikiliza jambo ambalo tepu haliwezi kulipima kabisa.

Simama njiani mbele ya mlango ulio wazi. Hakuna geti, hakuna mlinzi. Kinachokuzuia usipite ni nini? Neno moja tu, hodi. Unaliita mara ya kwanza, unangoja. Mara ya pili, unangoja. Mara ya tatu, na usipojibiwa unarudi, wala huna haki ya kuona vibaya. Umesoma Sura ya Nur, unajua tulivyoamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na tuwasalimu waliomo. Daka limejengwa kwa ajili ya kungoja huko. Baraza mbili za mawe ni kiti cha mtu aliyeshaita hodi na hajajibiwa. Tekani iliyopindwa ni subira iliyojengwa kwa chokaa, ili aliye ndani apate muda wa kujitanda kanga. Ukiliondoa neno hodi, daka ni shimo ukutani. Na ukiliondoa daka, hodi haina mahali pa kusimama. Mtu ataiitia juani katikati ya njia, punda wakimsukuma. Basi nitafutie kwenye karatasi zako hodi iko wapi. Kwenye ramani ya mtaa haimo, kwa kuwa nyumba ni wino mtupu. Kwenye ramani ya nyumba haimo, kwa kuwa mtaa haupo. Imepotelea katikati ya karatasi mbili, nayo ndiyo uliyoijia Lamu.

Usidhani nakusemesha mambo ya kizee yasiyo na elimu ndani yake. Kuna mtu mnafundishwa habari zake huko chuoni, Giambattista Nolli, aliyeipima Roma kuanzia 1736 na ramani yake ikatoka 1748, imechongwa kwenye vipande 12. Niliwahi kuonyeshwa nakala yake nikiwa kijana, na usiku ule sikulala. Nolli alizipaka wino nyumba kama ulivyofanya wewe. Lakini makanisa aliyafungua: nguzo zake, madhabahu za pembeni, ua wa ndani, vyote akaviacha vyeupe, weupe ule ule wa barabara. Pantheon imechorwa kama uwanja wa mji uliopata dari. Ukifuata kidole chako kutoka sokoni unaingia kanisani na kidole hakikati mstari wowote. Aliona kwamba mji hauishii pale ukuta unapoanza, unaishia pale mtu asiporuhusiwa kwenda mbele. Tangu hapo watafiti wa usanifu wanarudi kwake kila wanapotaka kusema kwamba mji nao una vyumba.

Mpende Nolli, lakini usiishie kwake. Nyumba za watu wa Roma alizifunga kwa wino, akachora kama kwamba kuna mji mmoja kwa wote, saa zote. Mlete Lamu uone kazi itakayompata. Saa tano asubuhi baraza za upande wa jua hazikaliki; alasiri ndipo zinapojaa, zinakuwa nyeupe kwenye ramani, na baada ya isha zinafifia tena. Siku za Maulidi, uwanja ulio mbele ya msikiti wa Riyadha unakuwa ukumbi, wenye safu zake na heshima zake, na mtu akiingia anavua viatu alivyovivaa njiani. Siku ya harusi kipande cha njia kinazibwa kwa maturubai na kinakuwa msana wa wanawake. Mwanamume anazunguka mtaa wa pili bila kuambiwa. Hakuna ukuta uliohama hata mmoja.

Na huo ni mji wangu mimi, mwanamume. Mji wa bibi yako ulikuwa mwingine. Wazee wa kike wa Mkomani waliweza kwenda kutoka nyumba hadi nyumba bila kukanyaga njia, kwa milango ya ndani iliyopasua kuta za majirani na kwa chumba cha wikio kinachovuka juu ya njia kama daraja. Sinia la futari lilipita huko juu, limefunikwa kawa. Habari ya mgonjwa ilipita huko kabla haijafika msikitini. Ungemchorea bibi yako ramani ya Nolli, ungelazimika kubadilisha wino: ndani za nyumba ziwe nyeupe, na barabara, zile zile ninazozijua mimi kama kiganja changu, ziwe nyeusi.

Wengine walitembea njiani na chumba chao. Bibi zetu wa zamani, wa nyumba zenye uwezo, walitoka chini ya shiraa, kitambaa kikubwa kilichotandwa juu ya miti kama hema, kikisogea nao. Wakati wa utumwa miti ile ilishikwa na wanawake waliomilikiwa. Hapa nakuomba usipite haraka. Mtu mmoja alikuwa ndani na mwenzake alikuwa nje, na kati yao kulikuwa na kitambaa tu. Aliyekuwa nje ndiye aliyekuwa ukuta. Linda Donley, aliyeichunguza nyumba ya Waswahili hapa Lamu, alionyesha kwamba mpangilio wa vyumba ulipanga pia nani bwana, nani mtumwa, nani wa kuonekana na nani wa kufichwa. Ukiisifu tekani kwa stara yake, na uisifu kweli, ukumbuke pia kwamba ilikuwapo mikono iliyofagia tekani hiyo na isiyokaribishwa ndani. Ramani ya watu hao sijaiona kwa yeyote. Ukipata nguvu siku moja, ianze.

Utaniuliza kwa nini mstari wa mlangoni unanisumbua hivi. Nitakwambia, na jambo hili sijawaeleza wengi.

Nilianza kazi kwa kushika ncha ya tepu. Baadaye nikajifunza kuchora, nikaajiriwa na ofisi moja iliyokuwa inapima mitaa katika mji mmoja wa pwani. Agizo lilikuwa fupi: mpaka wa kiwanja ni uso wa ukuta. Safu ile ya nyumba ilikuwa na baraza iliyotokeza njiani kama futi mbili, imepigwa lipu na kusuguliwa na makalio ya vizazi hadi inang'aa. Nikamuuliza mkubwa wangu nipimie wapi, ukutani au ukingoni mwa baraza. Akasema ukutani. Nikavuta mstari, nikaupiga wino. Baraza ikabaki upande wa pili wa mstari ule, nje, na kwenye maelezo ya ramani ikaandikwa kwamba ni uvamizi wa njia.

Miaka michache ikapita, ukaja mradi wa mabomba. Walioleta nyundo hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na ramani mkononi, na ramani ilisema kile si sehemu ya nyumba.

Katika nyumba ya tatu ya safu ile alikuwapo mzee asiyeona. Kila siku alitolewa asubuhi akaketi kwenye ile baraza, na kwa sauti za miguu alimjua kila apitaye. Alimwita mtu kwa jina kabla hajasalimiwa. Watoto walikuwa wakivua viatu wampite kimyakimya wamjaribu, na bado aliwatambua. Baraza ilipovunjwa alikalishwa ndani, kwenye kiti, karibu na dirisha. Nilipopita mtaa ule miezi baadaye, nikasikia mtu akimuuliza mwenzake kama yule mzee alisafiri. Alikuwa hatua nne kutoka walipokuwa wamesimama. Mstari ule niliuchora mimi, mjukuu wangu, kwa mkono ulionyooka kama wako.

Kwa hiyo ukisikia mtafiti anasema kuchora ni kuchora tu, na maamuzi ni ya wengine, usimwamini. Kati ya mtaa na nyumba kuna unene, na ukiuchora kama uzi mwembamba, mwenye nyundo atautafuta ule uzi na kukata pale pale ulipomwonyesha.

Mambo ya Dar es Salaam unayajua kuliko mimi, sitakuchosha. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, ile ya ukumbi mrefu katikati na vyumba vitatu vitatu pande zote, nayo ilikuwa na baraza mbele na uani nyuma. Mbele ulikuwa wa mtaa, nyuma ulikuwa wa wanawake na majiko, na mlango wa mbele ukiwa wazi ungeweza kuona mwanga wa uani kutokea barabarani. Nyingi zimebomolewa na ghorofa zimepanda mahali pake. Chini kuna fremu za maduka zilizofika hadi ukingo wa barabara, pembeni kuna ngazi yenye geti la nondo, na juu milango inatazamana kwenye korido yenye giza. Sisemi watu wasiishi ghorofani. Mji umejaa na kiwanja ni ghali. Nakuuliza tu, kwa kuwa ndiyo kazi yako: katika jengo lile, mtu anaketi wapi akiwa ameshafika na hajaingia? Binti wa pale anaanika nguo wapi huku akizungumza na jirani? Mkiwa na majibu ya maswali hayo kwenye meza zenu za michoro, ghorofa halitanitisha.

Soma vitabu pia, usije ukasema babu alinikataza. Usam Ghaidan alitoa utafiti wake wa mji wa Lamu mwaka 1975, na ninachokipenda kwake ni kwamba mji na nyumba vimo ndani ya jalada moja. Francesco Siravo na Ann Pulver walitoa mpango wao wa kuuhifadhi mji huu mwaka 1986, na wao walikuwa na kazi ngumu zaidi, ya kuweka kanuni. Mwaka 2001 UNESCO ikauingiza mji katika urithi wa dunia, na tangu hapo kila mgeni anapiga picha milango. Mlango uliopigwa picha umefungwa. Ukitaka kuuelewa, kaa kwenye daka kuanzia alasiri hadi adhana ya magharibi, bila tepu siku ya kwanza. Andika saa, andika nani alisimama wapi, nani aliketi bila kuitwa, nani alipita akiinamisha uso, sauti gani ya ndani ilisikika nje na ipi ilizimwa. Siku ya pili njoo na tepu, uanzie mtaroni. Pima mlizamu, kidato, kimo cha baraza, kina chake, pima hatua kutoka kizingiti hadi pale ukuta wa tekani unapokatiza jicho. Na ukipima ndani usiinue kalamu: chora njia na chumba kwenye karatasi moja, kwa kipimo kimoja, hata kama karatasi itakuwa ndefu ikabidi uigandishe vipande. Msimamizi wako akiuliza hii ni ya idara gani, mwambie ukweli, kwamba imekosa idara.

Sasa fungua hilo kasha, utoe daftari la jalada la kijani. Karatasi zake zimekula chumvi, zifunue polepole. Ukurasa huo wenye doa la kahawa ni wa chumba cha wikio cha nyumba ya shangazi yako, kile kinachovuka njia kuelekea kwa jirani. Tazama. Upana wa njia chini yake upo. Urefu kutoka ardhini hadi kwenye boriti upo, nilipanda juu ya punda kuupata. Idadi ya boriti ipo, na moja iliyoliwa na mchwa nimeitia alama. Juu ya boriti hakuna kitu, nimechora mstari wa sakafu nikaacha. Miaka 30 nimepita chini ya chumba kile nikisikia nyayo na vicheko juu ya kichwa changu, na sikuwa na haki ya kupanda.

Shangazi yako amezeeka lakini macho yake mazima na kumbukumbu zake nzima. Nimeshamtumia salamu kwamba utakuja kesho baada ya adhuhuri, na amesema uje na mkono mtupu kwanza, mle mahamri, halafu ndiyo mengine. Muulize milango ilikuwa mingapi, ipi ilizibwa na mwaka gani, na mwisho wa safari zao ulikuwa nyumba ya nani. Chukua tepu langu, lako ni la plastiki, linavutika. Vipimo vya chini unavyo hapo, vya juu uniletee wewe.